Kutoka Mfupa Hadi Jina: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Riwaya za Upelelezi

Mafundi wanachimba shimo la choo katika kiwanja kimoja Likoni, si mbali na Shelly Beach. Wamefika kina cha kifua pale sururu inapoibua mfupa mrefu wenye rangi ya chai ya maziwa, na chini yake unaonekana mwingine, umegandamana na kipande cha kitambaa. Kazi inasimama. Msimamizi anampigia simu mwenye kiwanja, mwenye kiwanja anaita polisi, na kabla ya adhana ya adhuhuri majirani wamekwisha kujazana ukingoni, kila mmoja akiwa na jina la mtu wake aliyepotea.

Tukio hili nimelibuni, nami nitalitumia tangu mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu. Nimesoma miswada mingi ya vijana wa Mombasa wanaoandika hadithi za upelelezi, na wengi wao wanaandika vizuri sana hadi wanapofika penye mifupa. Hapo mtaalamu huingia, huinua fuvu, hulitazama kwa muda wa pumzi mbili, kisha hutangaza kwamba marehemu alikuwa mwanamke wa miaka 27 aliyeuawa siku ya Jumanne. Mifupa haina uwezo huo. Kila swali unaloiuliza hujibiwa kwa kiwango fulani cha shaka, na jina lenyewe halimo ndani ya mfupa hata kidogo. Jina hutoka kwa walio hai, katika picha zao, makabati yao na damu yao. Mwandishi anayelielewa jambo hili hupata hadithi yenye ncha mbili, shimo upande mmoja na familia inayosubiri upande wa pili, na kazi yake ni kuzikutanisha.

Mhusika wetu ni mwanaanthropolojia wa uchunguzi wa jinai, ambaye kuanzia hapa nitamwita mtaalamu wa mifupa. Usimchanganye na mwanapatholojia, yaani daktari anayepasua maiti. Mwanapatholojia husema kilichosababisha kifo, ilhali mtaalamu wa mifupa humsaidia pale nyama inapokuwa imekwisha na daktari hana tena cha kupasua.

Hatua ya kwanza: udongo kabla ya mfupa

Mtaalamu wako akifika, asishuke shimoni mara moja. Kwanza awatoe watu, apige picha, achore ramani ya shimo, kisha aagize udongo wote uliokwisha kutupwa nje ukusanywe na kupitishwa kwenye chekeche. Sababu yake ni ya hesabu tu. Mtu mzima ana mifupa 206, na kati ya hiyo 106 iko katika viganja na nyayo: 27 katika kila mkono kuanzia kifundo, na 26 katika kila unyayo. Zaidi ya nusu ya mifupa ya binadamu, kwa hiyo, ni vipande vidogo ambavyo fundi mwenye sururu huvidhania changarawe. Mfupa wa ulimi, ule mdogo wa umbo la kiatu cha farasi ulioko shingoni, ambao waandishi wa hadithi za mauaji wanaupenda mno, hupotea kwa njia hiyo hiyo.

Ndani ya shimo, kazi hufanywa kwa mwiko mdogo, vijiti vya mianzi na brashi. Mifupa huachwa mahali pake hadi yote ionekane, kwa kuwa mkao wa mwili ni ushahidi. Mtu aliyezikwa kwa heshima halali kama mtu aliyetupwa. Udongo nao una neno lake. Udongo unaotokana na mwamba wa matumbawe, kama ule wa kisiwani Mombasa, una chokaa nyingi na huihifadhi mifupa vizuri, wakati udongo wenye asidi huila taratibu hadi kikabaki kivuli tu ardhini. Ukitaka mifupa yako ipatikane ikiwa kamili baada ya miaka, Pwani ni mahali pa kuaminika.

Hatua ya pili: ni mtu? Na ni wa zama zipi?

Swali la kwanza la afisa huwa fupi.

“Daktari, ni mtu huyu?”

Mara nyingi jibu ni hapana. Mifupa ya mbuzi, kondoo na punda imetapakaa kila mahali mjini kwetu, na katika fukwe huibuka mifupa ya kasa. Mfupa wa mnyama kwa kawaida una kuta nene zaidi kuliko wa binadamu, na viungo vyake vimechongwa kwa ajili ya kiumbe anayetembea kwa miguu minne. Kikipatikana kipande kidogo kisicho na umbo, hukatwa ukanda mwembamba na kutazamwa kwa hadubini, kwa sababu mpangilio wa tishu za mfupa hutofautiana.

Ikiwa ni mtu, linafuata swali ambalo mwandishi wa Mombasa asilipuuze: je, huyu ni wa polisi au wa makumbusho? Watu wamezika wafu wao katika pwani hii kwa karne nyingi kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na si makaburi yote yaliyo na alama juu yake. Hapa ndipo maarifa ya mahali yanapomsaidia mtaalamu kuliko chombo chochote. Maiti ya Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekezwa kibla, na kutoka Mombasa Makka iko karibu kaskazini barabara. Mifupa iliyolala kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi, uso ukitazama kaskazini, ndani ya mwanandani uliochongwa ubavuni mwa kaburi na bila kitu chochote pembeni, inasema kwamba huyu alizikwa na watu wake, akaswaliwa, na hadithi yako haipo hapo. Mabaki ya binadamu ya kabla ya mwaka 1895 yanaangukia chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na afisa wa polisi atayakabidhi huko.

Mifupa yetu ya Likoni imelala kifudifudi, mkono mmoja umepinda chini ya tumbo, na kichwa kiko kusini. Hakuna mwanandani. Chini ya nyonga, chekeche limeshika sarafu ya shilingi 20 yenye picha ya ndovu.

Sarafu hiyo ina thamani kubwa kuliko vipimo vingi vya maabara. Kenya ilianza kutoa sarafu zenye picha za wanyama mwezi Desemba 2018. Kwa hiyo, kilichoko juu ya sarafu hiyo hakikuweza kuzikwa kabla ya hapo. Noti nayo hufanya kazi hiyo hiyo: noti za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kutumika mwishoni mwa Septemba 2019, na anayekutwa nazo tano zimekunjwa mfukoni huenda alikufa kabla ya watu kukimbilia benki kuzibadilisha. Sema “huenda”, kwa sababu wapo waliozisahau nyumbani.

Kuhusu muda tangu kifo, punguza ujasiri wa mtaalamu wako. Katika joto na unyevu wa Pwani mwili ulioachwa wazi unaweza kubaki mifupa katika majuma machache, hasa mbwa wakiufikia, ilhali uliofukiwa kina kirefu au uliozama katika tope la mikoko huchelewa sana. Ipo njia ya maabara inayosaidia kutenganisha zama. Majaribio ya silaha za nyuklia angani, yaliyofanywa kwa wingi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, hewani, na kiasi hicho kimeingia katika meno na mifupa ya watu walioishi baadaye. Kipimo hicho hutofautisha marehemu wa zama hizi na wa kale. Hakimtajii hakimu mwezi wala siku.

Hatua ya tatu: hesabu watu

Hili ni fupi lakini lisirukwe. Mapaja mawili ya kushoto ni watu wawili. Mwaka 1935 huko Scotland vipande vya miili viliokotwa bondeni vikiwa vimechanganyika, na aliyewaua alikuwa daktari, Buck Ruxton, aliyejua vizuri nini cha kukata ili watu wasitambulike. Wataalamu John Glaister na James Brash walivipanga vipande hivyo hadi wakapata wanawake wawili, kisha wakalaza picha ya fuvu juu ya picha ya mmoja wao alipokuwa hai, na mistari ya uso ikalingana. Ruxton alinyongwa mwaka 1936. Katika hadithi yako, mfupa mmoja uliozidi unaweza kubadili kesi nzima sura ya kumi, lakini uutaje mapema ili msomaji asione umedondoshwa kutoka mbinguni.

Hatua ya nne: mwanamke au mwanamume

Mtaalamu huanzia nyonga, si fuvu. Nyonga ya mwanamke imeumbwa kwa uzazi: pembe iliyo chini ya mifupa ya kinena ni pana, na pengo la nyuma ambapo mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu hupita liko wazi kiasi kwamba kidole gumba kikiwekwa hapo kinacheza huku na huku. Kwa mwanamume, kidole kinabanwa. Mwaka 1969 Terrell Phenice alieleza alama tatu katika mfupa wa kinena ambazo, katika mifupa aliyoichunguza, zilimpa jibu sahihi kwa takriban asilimia 96. Fuvu hutoa msaada pia kwa uzito wa paji juu ya nyusi, ukubwa wa kifundo cha mfupa kilicho nyuma ya sikio, alama za misuli kisogoni na umbo la kidevu, lakini lina makosa zaidi, kwani wapo wanaume wenye nyuso laini na wanawake wenye mataya mapana.

Kwa mtoto ambaye hajabalehe, alama hizi bado hazijajitokeza, na bila DNA mtaalamu mwaminifu huandika kwamba jinsia haikuweza kubainishwa. Nimesoma mswada ambamo fuvu la mtoto wa miaka 6 lilitambuliwa mara moja kuwa la msichana. Mwandishi wake alikuwa na kipaji, na sentensi hiyo moja iliniondolea imani yote niliyokuwa nayo kwa mhusika wake.

Kidole gumba cha mtaalamu wetu wa Likoni kinacheza. Ni mwanamke.

Hatua ya tano: umri, na utajiri wa shaka

Hapa kaa kidogo, kwa sababu hakuna mahali penye mafuta mengi kwa mwandishi kama hapa.

Utotoni mwili hufuata ratiba. Meno huota kwa mpangilio unaojulikana, na ncha za mifupa mirefu, zilizotenganishwa na shina kwa gegedu, huungana nalo mmoja baada ya mwingine katika ujana. Ndiyo maana umri wa mtoto hukadiriwa kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili tu, na wa mzee kwa tofauti ya miongo. Hata hapo ratiba mbili zinaweza kukosana. Mvulana wa Turkana, ambaye mabaki yake yalianza kuonekana kwa jicho la Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, alikuwa na mifupa iliyofanana na ya kijana wa miaka kama 13, ilhali hesabu ya tabaka za ukuaji ndani ya meno yake ilielekea miaka 8 au 9. Yeye ni wa zamani sana, wa jamii nyingine ya binadamu, lakini anatukumbusha kwamba meno na mifupa ni saa mbili tofauti.

Mfupa wa mwisho kufunga ni mtulinga, ule unaotoka begani hadi kidarini chini ya shingo, katika ncha yake ya upande wa kidari. Huanza kuungana mtu anapokaribia au kuvuka miaka 20 na humaliza karibu na miaka 30. Mtulinga ambao mstari wa muungano bado unaonekana ni zawadi kwa mpelelezi.

Baada ya hapo hutazamwa uso wa kiungo cha kinena, mahali mifupa miwili ya nyonga inapokutana mbele. Kwa kijana, uso huo una matuta na mabonde kama mchanga wa Nyali maji yanapokupwa. Miaka ikipita matuta hulainika, ukingo hujichora kuuzunguka, na uzeeni uso wote huwa na vitobo na kumomonyoka. Sheilagh Brooks na Judy Suchey walizigawa hali hizi katika ngazi sita mwaka 1990. Tazama wanachosema juu ya mwanamke aliye ngazi ya tatu: wastani wake ni miaka 30.7, lakini walioonekana katika ngazi hiyo walikuwa na umri kuanzia miaka 21 hadi 53.

Soma takwimu hiyo tena. Ndani ya ngazi moja wamo mama na binti yake. Ikiwa mtaa huo wa Likoni una wanawake watatu waliopotea, mmoja wa miaka 24, wa pili 29 na wa tatu 48, basi kinena peke yake hakimwondoi hata mmoja, na familia tatu zitaendelea kukesha. Mtaalamu anapoutazama mtulinga na kuukuta umekaribia kufunga ila mstari haujafutika, yule wa 48 anaondoka. Anaandika: kati ya miaka 24 na 32. Wamebaki wawili. Hivyo ndivyo sura inavyopata mvutano, kwa mlango mmoja kufungwa baada ya mwingine, na kila mlango ukifungwa kuna nyumba inayopumua na nyingine inayoanza kutetemeka.

Hatua ya sita: urefu

Mfupa wa paja hulazwa juu ya ubao wenye kipimo, kifundo kikigusa ukuta uliosimama, na kipande kinachoteleza husukumwa hadi kiguse ncha ya pili. Wetu una sentimita 43. Kanuni zinazojulikana sana ni za Mildred Trotter na Goldine Gleser za mwaka 1952. Kwa wanawake Wamarekani weusi, urefu wa mfupa wa paja huzidishwa kwa 2.28, kisha huongezwa 59.76. Kwa mfupa wetu, 98.04 na 59.76 ni sentimita 157.8, na kosa la makadirio ni 3.41 juu au chini. Mtaalamu makini huliongeza kosa hilo mara mbili ili awe na uhakika zaidi, na hivyo anaandika kati ya sentimita 151 na 165.

Mambo mawili hapa. Kwanza, kanuni hiyo ilitokana na miili ya Wamarekani, na uwiano wa paja na kimo haufanani kila mahali duniani. Mhusika wako aliseme hilo kwa sauti. Pili, familia haikumbuki sentimita. Dada atasema, “Nikisimama naye, alinifika hapa,” huku akigusa sikio lake. Mpelelezi mzuri atampima huyo dada.

Hatua ya saba: asili

Waandishi wengi hupenda fuvu litaje kabila. Haliwezi, na kwa watu wa Pwani hata makundi mapana ya mabara huvurugika. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya kale kutoka mifupa ya watu 80, baadhi yao kutoka Mtwapa, ulioonyesha kwamba watu wengi wa miji hii ya kale walichanganya damu ya Afrika, hasa upande wa akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, upande wa akina baba. Mwachie mtaalamu wako anyamaze hapa.

Ukitaka kujua mtu alikulia wapi, tazama meno. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya kudumu yanaundwa hupata madoa ya kahawia yasiyofutika, hata akiishi Mombasa miaka 40. Tambuu huacha wekundu mweusi wake. Kung'olewa kwa meno ya mbele ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi ya jamii za bara, huacha taya lililopona na kuziba. Hizo ni dalili za maisha, na zina uzito kuliko umbo la fuvu.

Hatua ya nane: majeraha

Kabla hujaandika sura hii, fanya zoezi. Nenda buchani, ununue miundi miwili ya mbuzi. Mmoja uvunje siku hiyo hiyo. Wa pili uuchemshe, uusafishe, uuweke juu ya paa miezi sita, kisha uuvunje. Mfupa mbichi hupasuka kwa mshazari, kingo zake ni kali na laini, na vipande huning'inia kama ufito uliopindwa. Mkavu hukatika karibu sawasawa, kingo zake zinakwaruza, na sehemu iliyovunjika ni nyeupe kuliko nje. Nilipolifanya zoezi hili nilielewa kwa vidole nilichokuwa nikikisoma kwa miaka.

Majeraha hugawanywa mara tatu. Ya kabla ya kifo yana dalili za kupona. Mfupa huanza kuzungusha kingo zake na kujenga mpya baada ya juma moja au mawili. Ya wakati wa kifo yalipiga mfupa mbichi na hayana dalili ya kupona. Ya baada ya kifo, kama pigo la sururu ya fundi wetu, yana rangi mpya juu ya mfupa wa zamani. Mtaalamu hawezi kutofautisha pigo la dakika tano kabla ya kifo na la dakika tano baada yake, kwa kuwa mfupa ulikuwa mbichi nyakati zote mbili, na wakili wa utetezi anayelijua hilo atakuandikia sura nzuri ya mahakamani.

Risasi inapoingia katika fuvu hupanua tundu upande wa ndani, na inapotoka hupanua upande wa nje. Panga huacha mfereji wa umbo la V, ukuta mmoja ukiwa laini na wa pili umebanduka. Mfupa wa ulimi ukivunjika unaweza kuonyesha kunyongwa kwa mikono, lakini wengi waliokabwa hawavunjiki mfupa huo, hasa vijana, ambao sehemu zake bado hazijaungana. Kutovunjika si ushahidi wa kufa kwa amani.

Kisogo cha mwanamke wetu kimebonyea, na nyufa zimesambaa kutoka mahali pamoja. Mtaalamu anaandika “pigo la kitu butu, wakati wa kifo au karibu nao”. Neno “mauaji” halimo katika ripoti yake. Hilo ni la mwanapatholojia, na hatimaye la hakimu anayeendesha uchunguzi wa kifo chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai.

Hatua ya tisa: kilicho chake peke yake

Hadi hapa tuna mwanamke wa miaka 24 hadi 32, mfupi wa wastani. Mombasa ina maelfu yao. Sasa kunatafutwa kitu kimoja ambacho wengine hawana.

Juu ya muundi wa kulia kuna bamba la chuma lenye skrubu sita. Waandishi hukimbilia namba iliyopigwa kwenye bamba, wakaipeleka hospitalini, na jina likatoka. Namba hiyo hufuatiliwa iwapo tu hospitali iliiandika na kuitunza. Mimi niliwahi kuvunjika mkono, na miaka michache baadaye hospitali iliyonitibu haikuwa na karatasi hata moja yenye jina langu. Picha za eksirei nilipewa niende nazo nyumbani, kama wagonjwa wengi wa kwetu, na unyevu wa kaskazi ukazigandisha mbili pamoja ndani ya bahasha. Niliumia, kwa maana nilijua kwamba ningepotea, ushahidi wa mkono wangu ungekuwa umegandamana sandukuni. Kwa hiyo usimpeleke mpelelezi wako kwenye kompyuta ya hospitali kwanza. Mpeleke kwenye kabati la mama.

Eksirei ikipatikana, mtaalamu hupiga nyingine ya mfupa huo kwa pembe ile ile na kuzilinganisha: mahali pa kila skrubu, mstari wa mfupa ulipoungana, hata mtandao wa mfupa wa ndani. Eksirei ya kichwa ni bora zaidi, kwa sababu mashimo ya hewa yaliyo nyuma ya paji la uso yana umbo ambalo kila mtu ana lake.

Meno ndiyo njia ya kale. Mwaka 1849 huko Boston, daktari wa meno Nathan Keep aliyatambua meno ya bandia aliyomtengenezea George Parkman, yaliyokutwa katika tanuri la Profesa John Webster, na ushahidi huo ulichangia Webster kutiwa hatiani. Lakini watu wetu wengi hawajawahi kuwa na faili kwa daktari wa meno. Walichonacho ni picha za harusi na za simu, na katika picha hizo watu wanacheka. Picha ya kicheko iliyo wazi inaweza kulinganishwa na meno ya fuvu, jino kwa jino. Mwanamke wetu ana mwanya juu, na jino la pembeni la kushoto limepinda kidogo kuelekea ndani. Mwanya peke yake si jina, kwani wenye mwanya ni wengi na husifiwa kwao. Mwanya, jino lililopinda na bamba kwa pamoja ni jambo lingine.

Hatua ya kumi: walio hai

Mwaka 1984 Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, alikwenda Argentina kuwafunza vijana kufukua na kutambua watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi. Kikundi walichokiunda kilijifunza kwamba kuwahoji jamaa kwa subira kuna uzito sawa na kufukua. Mhusika wako aketi na mama wa marehemu, anywe chai aliyopewa, amwache azungumze. “Mama, aliwahi kuanguka? Aliwahi kulazwa?” Na mama atasema, “Pikipiki ilimgonga pale Ujamaa, mwanangu, akawekwa chuma,” kisha atainuka kutafuta bahasha.

DNA huthibitisha. Katika mifupa, sampuli hutafutwa penye mfupa mzito: meno, shina la paja, au mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Sampuli ya mama au ya mtoto ndiyo bora. Wasipokuwepo, Kiswahili kinatusaidia kuelewa biolojia, kwa sababu kinatofautisha ndugu ambao lugha nyingine huwaita kwa jina moja. Ipo DNA inayopita kwa mama peke yake, na mjomba anayo sawasawa na ya marehemu, pamoja na mama mdogo na mama mkubwa, ilhali ami na shangazi hawana. Marehemu akiwa mwanamume, ami anarudi kuwa na thamani, kwa kuwa kromosomu Y hupita kutoka baba hadi mwana. Mwandishi anayemleta ami kutoa sampuli ya upande wa mama anajenga kosa ambalo msomaji mmoja kati ya elfu ataligundua, na atawaambia wengine.

Usiharakishe majibu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023, na ya kwanza ilikabidhiwa jamaa mwezi Machi 2024. Andika kusubiri huko, kwa kuwa ndiko familia zinakoishi. Lau aliyepotea ni mume, mkewe hajui kama aanze kukaa eda, na mirathi haigawiki. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inamdhania mtu amekufa iwapo hakusikika kwa miaka saba na wale ambao wangemsikia. Mfupa mmoja uliotambulika unaweza kumfungulia mjane mlango ambao sheria ingemfungulia baada ya miaka saba.

Ripoti ya mwisho ya mtaalamu wetu haisemi “ni yeye”. Inasema kwamba mabaki yanalingana na kumbukumbu za mtu huyo katika bamba, muungano wa muundi, meno na DNA, na kwamba hakuna tofauti iliyokosa maelezo. Hakimu ndiye anayetamka jina.

Siku ya kukabidhi, mifupa hupangwa juu ya meza na kusomwa kwa orodha mbele ya jamaa. Mtaalamu anasoma hadi mwisho: 199. Saba hazikupatikana, zote ni za vidole vya mkono wa kushoto. Mama anamsikiliza akiwa ameshika sanda, kisha anauliza zile saba ziko wapi. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtaalamu yuko Likoni tena, amepiga magoti pembeni ya shimo, na chekeche mikononi.